Kazi Haitafutwi Kimya Kimya

Mama wa nyumba hii ni fundi cherehani. Cherehani yake iko barazani, karibu na mlango, ili apate mwanga. Wateja wakipita wanamsalimu, naye anaitikia bila kuinua kichwa. Lakini usidhani haoni. Yule mama anamwona hata anayepita barabara ya pili.

Ndani mna wasichana wawili. Mmoja amemzaa mwenyewe. Wa pili ni mtoto wa mdogo wake, ambaye anafanya kazi mbali. Wasichana hawa wamelelewa pamoja tangu wadogo. Chumba kimoja, kioo kimoja, na ugomvi wa kila siku kuhusu nani kachukua kitana. Kwa hiyo hao ni dada, na usiwaite jina lingine mbele yao.

Wote wawili wako mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi. Wanasomea majokofu na viyoyozi. Ndiyo, wasichana! Wanafungua friji, wanatafuta bomba linalovuja, wanajaza gesi, friji inapoa. Ukibisha, peleka yako.

Chuoni wamepewa majina ya utani. Binti wa mama anaitwa Kufuli, kwa sababu mambo yake hayatoki. Ukimwuliza amekula nini, anafikiri kwanza. Mwenzake anaitwa Chiriku. Huyo anaanza kuongea kabla hajafumbua macho.

Wakati wa kisa hiki chuo kilikuwa kimefungwa. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa ajitafutie mahali pa kufanya kazi wakati wa likizo, chini ya fundi. Asiyepata hafanyi mtihani. Atarudia mwaka mzima pamoja na wadogo zake. Kufuli aliogopa jambo hilo kuliko kitu chochote. Yeye ndiye wa kwanza darasani. Wa kwanza arudie mwaka? Uso wake atauweka wapi?

Siku chuo kilipofungwa, mama aliwaita barazani.

"Wanangu, jambo lenu msilitangaze kabla halijaiva," alisema. "Watu wana kijicho. Tafuteni kimya kimya. Mkishapata, hapo ndipo watu wajue."

"Ndiyo, mama," alisema Kufuli.

"Sawa, mama mkubwa," alisema Chiriku. Kisha akatoka kwenda dukani kununua chumvi. Aliporudi, mwenye duka, kinyozi na fundi baiskeli wote walikuwa wanajua kwamba anatafuta kazi ya majokofu.

Kufuli alimvuta chumbani, akafunga mlango.

"Wewe tangaza yako, shauri yako," alisema. "Yangu usimtajie mtu. Hata mmoja. Niapie!"

"Naapa, dada. Nikisema, ulimi wangu ukatike."

"Mh! Ulimi wako huo?"

"Huu huu. Kwa ajili yako nitaufunga."

Basi Kufuli akaanza kutafuta kwa njia yake. Kila asubuhi alivaa blauzi safi, akabeba begi, akaenda kwenye duka la intaneti upande wa pili wa soko. Huko alifungua tovuti za ajira. Matangazo yalikuwa mengi, na moyo wake ukafurahi. Kumbe kazi zimejaa hivi!

Alikuwa na barua moja aliyoiandika vizuri. Akaituma kwenye kiwanda cha maziwa. Akaituma hotelini. Akaituma kwenye kampuni ya bima, ingawa hakujua kama kampuni ya bima ina friji. Barua ile ile, neno kwa neno. Hakuna aliyejibu.

Mmoja tu alijibu, na alijibu haraka. "Hongera! Umechaguliwa. Tuma ada ya fomu leo ili upangiwe kituo." Kufuli aliusoma ujumbe mara tatu, anatabasamu. Hakumwuliza mtu, maana hakuna aliyejua kwamba anatafuta. Akatuma akiba yake ya viatu. Alipopiga simu kesho yake, namba haikupatikana. Alilia kidogo kwenye choo cha lile duka la intaneti, akanawa uso, akarudi nyumbani. Hilo nalo akalifungia kifuani.

Majirani walimwona anavyotoka kila asubuhi, msafi, begi begani. Wakamwuliza mama. Mama akawajibu anavyojua mwenyewe. Jibu hilo tutalikuta mbele.

Siku moja mchana, jua kali, Chiriku aliingia nyumbani amevaa koti. Si koti la mvua. Koti zito la bluu, lenye kofia na manyoya ndani. Jasho lilikuwa linamchuruzika, naye anacheza katikati ya sebule.

"Nimepata! Mama mkubwa, nimepata! Ghala la dawa! Kwa Bi Koti!"

Bi Koti ni jirani yao wa mtaa wa nyuma. Ni msimamizi wa vyumba vya baridi katika ghala la dawa. Humo zinawekwa chanjo na dawa ambazo zikipata joto zinaharibika. Kila asubuhi unamwona anapita juani na koti zito mkononi, na watoto wanamcheka. Ndiyo maana akaitwa hivyo.

Mama aliacha cherehani, akapiga vigelegele. Kufuli alikuwa amekaa kwenye kochi.

"Hongera," alisema. Neno lilitoka kavu.

"Asante, dada!"

"Tangazo lake mbona sijaliona?"

"Halikutangazwa. Mimi nilikwenda tu kumwuliza vyumba vya baridi vinafanyaje kazi. Akanikaribisha niangalie. Kulikuwa na mlango mmoja, wenyewe wanauona mzima. Nikaweka karatasi, nikafunga mlango, nikaivuta karatasi. Ikatoka laini, bila kukaza! Nikamwambia, mama, mpira wa mlango huu umechoka, baridi inavuja hapa. Bi Koti akaniangalia hivi... Dada, ni ule ujanja wako wa karatasi! Ule ulionifundisha!"

Lo! Bora angemchoma sindano. Ujanja ni wake, alama za juu ni zake, blauzi safi ni yake, na koti amevaa Chiriku! Chiriku aliyekuwa akinakili mahesabu yake ya umeme mwaka mzima!

Kufuli alitoka nje akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Ni kujuana tu. Siku hizi usipokuwa na mtu, huli."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nisiseme nini? Mimi simbembelezi mtu. Kama kazi zinagawiwa kwa kuchekeana na majirani, basi hongera zao."

Chumbani lile koti lilitundikwa mlangoni, mkabala na kitanda cha Kufuli. Akifumbua macho, koti. Akifumba, analiona vilevile. Jioni moja Chiriku alipokwenda dukani, Kufuli aliligusa mikono. Akalijaribu. Lilimkaa vizuri kuliko linavyomkaa mwenyewe. Akalivua upesi, roho inamuuma.

Wivu una tabia moja mbaya. Hauridhiki kukuumiza wewe peke yako.

Chiriku ana usingizi mzito. Alikuwa ametega simu imwamshe, na alimwambia dada yake, "Nikiwa kama mfu, nitikise." Asubuhi moja simu ililia. Chiriku hakusikia. Kufuli alisikia. Akanyoosha mkono, akaizima. Akageukia ukutani, akajifunika shuka.

Jua lilikuwa limeshapanda dirishani Chiriku aliporuka kitandani. "Mungu wangu! Mungu wangu!" Alitoka mbio, soksi moja mguuni, nyingine mfukoni. Kufuli alidhani atafurahi. Hakufurahi. Chai ilimshinda siku hiyo.

Jioni Chiriku alirudi macho mekundu.

"Mimi ndiye wa zamu ya kusoma vipimajoto asubuhi," alisema. "Bi Koti kaniambia, nikichelewa mara nyingine nisirudi tena. Na ana haki, dada. Kosa langu. Nalala kama gogo."

Kufuli aliinuka akamtengea chakula.

Mwisho wa juma Bi Koti alikuja barazani. Zipu ya koti lake ilikuwa imekatika, akataka mama amwekee nyingine. Chiriku alikuwa zamu ghalani. Kufuli alikuwa amekaa kizingitini, anachambua mchele.

"Ee, binti!" Bi Koti alisema. "Kumbe na nyinyi huko kazini mnapumzika?"

"Kazini wapi?" Kufuli aliuliza.

"Si umeajiriwa? Mama yako aliniambia."

Cherehani ilinyamaza.

"Nilikuwa natafuta mwanafunzi wa kunisaidia ghalani," Bi Koti aliendelea. "Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni wewe. Mtaa mzima unajua unavyoongoza darasani. Nikapita hapa, nikamwuliza mama, yule binti yako yuko wapi siku hizi? Akaniambia, yuko kazini, tunamshukuru Mungu. Nikasema basi, amewahiwa. Baadaye ndipo huyu mdogo wako akaja mwenyewe."

Kufuli alimgeukia mama yake. "Mama?"

Mama alishika zipu mkononi, hajui aitie wapi. "Sikujua kama anatafuta mtu, mwanangu. Watu walikuwa wanauliza kila siku. Niseme nini? Niseme unazunguka tu? Nikaogopa maneno yao. Nilitaka kukukinga."

"Umenikinga na kazi, mama!" Kufuli alisema, na machozi yakamtoka mbele ya mgeni. Ungo ukapinduka, mchele ukamwagika kizingitini.

Bi Koti aliinama akasaidia kuokota. "Mficha uchi hazai," alisema taratibu. "Sasa mimi ningejuaje?"

"Lakini ndiyo upendeleo huo!" Kufuli alisema kwa hasira. "Hamtangazi, mnapeana mnaojuana!"

"Upendeleo ni kumpa mtu asiyeweza kwa sababu ni wako. Huo upo, nami siupendi. Mimi mdogo wako sikumpa kwa ujirani. Nilimpa kwa ile karatasi mlangoni. Lakini fikiria. Nina chumba kimejaa dawa za watoto. Mlango ukiachwa wazi, zote zinaharibika. Nimweke mtu nisiyejua lolote juu yake? Kwa hiyo kabla ya kutangaza nauliza kwanza. Jamani, mnamjua nani? Na ukitaka jina lako litajwe, lazima kuwe na mtu anayejua unachoweza na kwamba unatafuta."

Aliposimama kuondoka, alimnong'oneza Kufuli maneno ambayo yeye mwenyewe hakujua uzito wake.

"Nafasi ni moja. Lakini mwenzako keshachelewa. Akirudia, nitamwondoa, na safari hii namjua wa kumwita."

Fikiria asubuhi iliyofuata. Giza linaanza kupungua. Simu ya Chiriku inalia. Chiriku anakoroma. Koti liko mlangoni. Kufuli yuko macho, amekuwa macho muda mrefu. Hahitaji kusema uongo wala kuiba. Ni kubonyeza tu. Mtihani ataufanya, aibu itaondoka, na koti lile lile litakuwa lake. Simu ikalia, ikalia.

Kufuli aliamka, akamshika Chiriku mabega, akamtikisa.

"Amka! Amka, utachelewa!"

"Mmh... asante, dada."

"Usinishukuru. Siku ile simu yako ililia. Mimi ndiye niliyeizima."

Chiriku aliketi. Alimtazama muda mrefu. Kisha akavaa, akachukua koti, akatoka. Hakusema neno. Aliporudi jioni, hakusema neno. Kinyozi alimwuliza mama kama mtoto anaumwa koo.

Alizungumza wakati wa kulala, taa ikiwa bado inawaka.

"Mimi ni mropokaji, najua," alisema. "Bi Koti aliniuliza nani alinifundisha ule ujanja wa karatasi. Nikauma ulimi. Nikasema, mwenzangu mmoja chuoni. Maana ningekutaja, ningeanza, na ningesema yote. Maisha yangu yote nimetunza siri moja tu, dada. Ni yako. Nawe ukanizimia simu."

Kufuli alilia kwa sauti, na safari hii hakukimbilia chooni. Akasema yote. Wivu, koti alilolijaribu, barua zisizojibiwa, akiba ya viatu iliyoliwa na matapeli. Chiriku alisikiliza. Mwisho akasema, "Koti langu umelivaa? Shenzi wewe!" Wakacheka huku wanafuta machozi. Lakini bado alimnunia siku mbili tatu hivi. Haki yake.

Kesho yake Kufuli alikwenda nyumbani kwa Bi Koti.

"Nimekuja kusema jambo moja," alisema. "Siku ile Chiriku alipochelewa, kosa halikuwa lake. Nilizima simu yake. Nilimwonea wivu. Sitaki nafasi yake. Nataka tu ujue."

Bi Koti aliuliza, "Ulikuwa na haja gani ya kuniambia? Nisingejua kamwe."

"Yeye angebaki na doa."

"Ulifanya vibaya sana," alisema Bi Koti. "Lakini nitakwambia jambo. Ghalani kwangu simwogopi anayeacha mlango wazi. Namwogopa anayeuacha wazi halafu hasemi. Kaa. Toa hiyo simu yako, nionyeshe ulivyokuwa unatafuta."

Waliangalia pamoja, hata ule ujumbe wa ada ya fomu. Bi Koti aliguna.

"Hili tangazo ni la mwaka jana. Soma tarehe kwanza. Hili linataka fundi wa miaka mitano, wewe mwanafunzi, linakuhusu nini? Na hawa waliokudai ada, tafuta kama wana ofisi, wana tovuti yao, kuna mtu anawafahamu. Anayekupa kazi hakudai hela. Akidai, kimbia."

"Kumbe mtandao ni wa bure tu, hauna faida," alisema Kufuli.

"Nani kasema? Mtandao unakuonyesha mlango uko wapi na wenye nyumba wanataka nini. Binadamu ndiye anayekwambia mlango unafunguka vipi. Utumie wote wawili. Hebu, hili la kiwanda cha maziwa ulilisoma?"

"Nilituma barua."

"Sikuuliza kama ulituma. Ulilisoma?"

Kufuli alisoma upya, polepole. Kiwanda kilitaka mwanafunzi wa kuangalia matangi ya kupozea maziwa kwenye kituo cha kupokelea. Tangazo lilikuwa bado wazi. Barua yake haikutaja tangi wala maziwa.

"Mimi simjui mtu huko," alisema.

"Chuoni kwenu hakuna aliyewatangulia akaenda huko?"

Kufuli alifikiri. Hakujua. Hakuwahi kuuliza. Aliporudi, alimwuliza Chiriku, na Chiriku hata hakugeuka. "Yupo. Yule dada mrefu wa mwaka juzi. Mwalimu wetu wa karakana ana namba yake."

Kufuli alimpigia mwalimu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwomba mtu kitu. Mwalimu alishangaa. "Wewe bado hujapata? Mbona hukusema?" Akampa namba.

Hakumwambia yule dada mrefu "nisaidie kazi." Bi Koti alimfundisha aseme hivi: "Naomba unieleze kazi yenu ilivyo, nijue kama nina ninachoweza kuwasaidia." Yule dada alifurahi kuulizwa. Alimkaribisha kituoni, akamwonyesha matangi, akamweleza shida yao kubwa. Umeme ukikatika na kurudi, mashine haziwaki zenyewe, na maziwa yanachacha. Kufuli alirudi nyumbani akaandika barua mpya, fupi, juu ya shida hiyo tu, na jinsi alivyojifunza kuitatua karakanani. Akaituma kwenye lile lile tangazo la mtandaoni. Siku ya usaili walimuuliza maswali magumu na wakampa mashine aifungue. Alijibu, akaifungua, akaifunga. Hakuna aliyempendelea. Ila walipoiona barua yake, kulikuwa na mtu mmoja chumbani aliyesema, "Huyu namfahamu, alikuja akauliza."

Walimpa buti nyeupe za mpira na aproni nyeupe. Jioni hiyo Chiriku alizitazama zile buti, akazijaribu, akatembea nazo chumbani.

"Mbona sisi hawatupi buti?" alisema, mdomo ameuvuta.

"Leo simu yako nitaiweka chini ya mto wangu," alisema Kufuli, "na yangu usiiguse."

Asubuhi walitoka pamoja, mmoja na koti, mwingine na buti. Mwenye duka alikuwa anapita barazani. Aliwatazama mpaka wakakata kona.

"Mama," aliuliza, "yule binti yako mkubwa anakwenda wapi siku hizi?"

Mama alisimamisha cherehani. Akainua kichwa.

"Anakwenda kazini," alisema. "Safari hii ni kweli."